Nishani za Babu na Sonara wa Mjini

Likizo iliyopita baba mdogo aliniita ndani, akanimwagia mezani vitu vinne kutoka kwenye kopo la majani ya chai. "Mwanangu, wewe si unasoma historia? Sonara wa mjini anaitaka hii ya farasi. Hizo nyingine kazikataa."

Niko mwaka wa pili wa historia na sikuwahi kushika nishani hata moja. Ilibidi nijifunze haraka. Nawapa niliyoyapata, maana makopo ya namna hiyo yamo kwenye nyumba nyingi ambazo wazee wao walikuwa Keya, yaani King's African Rifles.

Anza na umbo. Mbili zilikuwa nyota za shaba nyeusi zenye ncha sita. Hizo ni za Vita vya Pili na hazina fumbo: katikati pana herufi za Mfalme George wa Sita, GRI VI, na duara linalozizunguka limeandikwa jina la nyota yenyewe. Moja ilikuwa 1939–1945 Star, nyingine Africa Star, waliyopewa waliopigana Afrika Kaskazini na pia Uhabeshi na Somalia kati ya 1940 na 1943. Utepe wake ni rangi ya mchanga, na mstari mpana mwekundu katikati. Ila utepe usiuamini peke yake. Hubadilishwa kama kamba za viatu.

Ya tatu ni medali ya mviringo, simba kasimama juu ya joka lenye vichwa viwili. Inang'aa kama fedha lakini ni shaba na nikeli. Sonara kajua.

Ya nne ndiyo fedha. Upande mmoja Mfalme George wa Tano; upande wa pili mpanda farasi aliye uchi, farasi akikanyaga ngao yenye tai, na miaka 1914 na 1918. Kwa sonara hizo ni gramu tu. Nikaishika kwa ubavu, nikalaza tochi ya simu kwenye ukingo: namba, cheo, jina, kifupi cha kikosi. Jina la baba yake babu, karani kaliandika alivyolisikia. Baba mdogo akaichukua, akaisoma kwa kidole, herufi moja moja.

Hapo ndipo penye somo lenyewe. Za Vita vya Kwanza zilipigwa jina, na orodha za waliotunukiwa zipo Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, London. Nyota za Keya za Vita vya Pili hazikuandikwa jina, mgongo wake mtupu. Ukizitenganisha na kopo lake, basi, zimekuwa za mtu yeyote.

Nikakosea kusema kwa sauti kwamba Burma Star haimo. Nyumbani kwetu babu alipigana Burma, haina mjadala. "Kwa hiyo marehemu mzee alikuwa mwongo?" baba mdogo akauliza. Hapana, baba. Kopo linaonyesha kilichobaki, halionyeshi vyote vilivyokuwepo. Bibi akadakia kuwa ziliwahi kuwa tano, mtoto akachezea moja ikapotea, yenye utepe wa buluu na nyekundu. Burma Star ina rangi hizo, pamoja na machungwa. Lakini 1939–1945 Star nayo ina buluu na nyekundu, kwa hiyo sikuandika kitu.

Mengine ni ya mikono. Usisugue kwa majivu wala steelwool, unafuta jina. Ukinunua, pima kipenyo: hiyo ya farasi ni milimita 36, na ikipungua huenda mtu alikwangua jina la zamani akagonga jingine. Piga picha pande zote na ukingo kabla hujamwonyesha mnunuzi yeyote.

Sonara kapiga simu mara mbili tangu nirudi chuo. Kopo liko chini ya kitanda cha bibi, na bibi hana simu.