Nikaha tunayo, karatasi ya Leta hatuna

*Mpendwa mshauri, mimi na baba wa watoto wangu tunaishi pamoja hapa Salamabila miaka mingi. Yeye anachimba dhahabu upande wa Namoya. Shehe alitufungia nikaha na wazazi wangu walipokea nusu ya mahari, lakini etasivili, ofisi ya Leta ya kuandikisha ndoa, hatujafika. Juzi mwenzake alifukiwa shimoni, na mashemeji wakamtoa mjane nyumbani. Ndugu yangu aliye Ufaransa anasema kule kuna mkataba wa kuishi pamoja bila ndoa. Je, na sisi tunao?*
*Mama Wawili*

Mama Wawili, pole kwa msiba huo.

Hatunao. Ufaransa ina mkataba huo, PACS, tangu 1999, na hata kule anayebaki harithi pasipo wosia. Kwetu Kongo, Sheria ya Jamaa ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inajua ndoa tu. Wanaokaa pamoja bila ndoa, mmoja akifa, mwenzake si mrithi.

Nikaha ina heshima yake mbele ya Mungu, ila peke yake Leta haiihesabu. Kinachokusaidia ni mahari: sheria inataka itolewe angalau sehemu, na yenu ilitolewa. Ndoa iliyofungwa mbele ya jamaa inakubalika, lakini inapaswa kuandikishwa etasivili ndani ya mwezi mmoja. Bila hivyo haina nguvu mbele ya watu wengine.

Angalia tofauti yake. Mume akifariki, watoto wanapata robo tatu ya urithi. Robo inayobaki inagawiwa mke, wazazi na ndugu wa marehemu, na mjane ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba ya ndoa. Haki hiyo ni ya mke, na etasivili ndiyo inayokuthibitisha kuwa mke. Watoto wako wanarithi hata bila ndoa, mradi baba yao awatambue rasmi angali hai.

Kwanza, hakikisha hana mke mwingine aliyeandikishwa, kwa kuwa sheria inakubali mmoja tu. Kisha mwandike kwenye daftari mahari yote: pesa ngapi, mbuzi wangapi, nani alitoa, nani alipokea. Mwende etasivili wote wawili, pamoja na mashahidi wa pande zote. Mmechelewa, lakini msiogope kwenda.

Mwambie mumeo leo, kabla hajarudi shimoni. Akikupenda, ataandikisha.