Kapata 34, Haya Kakosea Wapi?

Wadogo zangu, mwisho wa muhula huwa siuangalii kwenye kalenda. Nauona kwenye ujumbe mnaonitumia. Mambo ya mawifi na marejesho ya vikoba yanapungua, zinaingia ripoti za watoto. Safari hii nachukua swali moja kwa niaba ya wote, la mama mmoja wa Mbagala: "Dada, mwanangu wa darasa la tatu kapata 34 kwenye hisabati. Baba yake kanuna, hata chakula hakumaliza. Jirani ananishauri nimpeleke mtoto twisheni ya jioni. Nimpeleke?"

Taratibu, mdogo wangu. Twisheni tutaifikia. Kwanza nikuulize: kakosea wapi? Usiniambie "kwenye hisabati", hilo nimeshalisikia. Kashindwa kutoa? Kuzidisha? Au mafumbo yalimchelewesha kuyasoma akayaacha wazi? Najua huna jibu, na wala si kosa lako, ripoti haikuandika. Alama imejumlisha kila kitu ikafuta ushahidi. Watoto wawili wenye 34 wanaweza kuwa na shida zisizofanana hata kidogo, na ukiwaweka kwenye twisheni moja, angalau mmoja umemlipia bure.

Kwa hiyo fungua daftari lake. Tazama mfano huu, na nina hakika wapo watakaosema "jamani, huyu wangu kabisa":

52 − 38 = 26
71 − 46 = 35
60 − 27 = 47

Mwalimu kaweka alama ya kosa mara tatu, sifuri chini ya tatu, daftari likafungwa. Lakini angalia vizuri. Mtoto huyu hajabahatisha hata swali moja. Kwenye mamoja ya swali la kwanza kakuta 2 juu na 8 chini, kaona 2 haitoshi kutoa 8, basi kageuza: 8 toa 2, kaandika 6. Kwenye makumi, 5 toa 3, kaandika 2. Swali la pili vivyo hivyo, la tatu vivyo hivyo. Ana kanuni yake: toa ndogo kwenye kubwa, iwe juu, iwe chini. Kanuni ni mbovu, lakini anaifuata kwa uaminifu kuliko sisi tunavyofuata bajeti ya mwezi. Na kutoa kwenyewe anajua! Kinachomshinda ni kitu kimoja, kukopa kumi.

Mtoto wa namna hii ukimpa maswali mia ya kutoa, atakosa yote yenye kukopa, na kanuni yake itazidi kukomaa. Mimi ningemletea njiti za fagio la chelewa. Funga mafungu matano ya njiti kumi kumi kwa mpira, ongeza njiti mbili za peke yake. Hiyo ni 52. Mwambie akupe 38. Mafungu matatu atakupa bila wasiwasi, kisha ataanza kutafuta njiti nane na kukuta mbili. Hapo nyamaza. Nyamaza kweli, usikohoe, usimtupie jicho fungu. Wengi watalifungua fungu wenyewe, wahesabu, wakupe nane zako, na mkononi mwao zibaki 14. Akishafanya hivyo mara kadhaa, mpe kalamu aandike kile alichofanya kwa mikono. Zile tarakimu ndogo ambazo mwalimu huandika juu ya swali ubaoni zitaanza kumwingia.

Kosa jingine la kulitafuta: mtajie "mia tatu na saba" aandike. Akiandika 3007, usicheke. Kasikia mia tatu, kaandika 300. Kasikia saba, kabandika 7 pembeni. Kaandika alichosikia. Huyo hajashika nafasi za tarakimu, mamoja, makumi na mamia, na kumkimbiza kwenye kuzidisha tarakimu mbili kwa mbili ni kumwonea.

Sasa wapo wanaoniandikia jambo linalowachanganya zaidi. Mtoto darasani anaambulia sifuri, lakini mtume dukani kwa Mangi na noti ya elfu tano, akachukue mkate na sukari nusu, chenji inarudi kamili, na Mangi akijisahau anakumbushwa palepale. "Dada, huyu ni mvivu au ananifanyia makusudi?"

Si mvivu. Mwaka 1985 watafiti watatu, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, walichapisha utafiti walioufanya Recife, Brazil. Walikwenda kwa watoto watano wa miaka 9 hadi 15 waliokuwa wakiuza bidhaa mitaani, wakajifanya wateja, wakauliza bei. Maswali 63 kwa jumla, na watoto wakapatia asilimia 98. Baadaye watoto walewale wakawekwa kitako na penseli na karatasi, hesabu zikiwa na namba zilezile au zinazofanana nazo. Kwenye mafumbo wakashuka hadi kama asilimia 74. Kwenye hesabu tupu, namba na alama peke yake, wakapata kama asilimia 37.

Kijana mmoja aliulizwa bei ya nazi nne, kila moja 35. Akahesabu kwa mdomo: tatu ni 105, ongeza 30 ni 135, bado tano, 140. Sahihi. Kwenye karatasi akapewa 35 mara 4. Akasema nne mara tano ni ishirini, beba mbili. Mbili na tatu ni tano. Tano mara nne, ishirini. Akaandika 200. Alichobeba kakijumlisha kabla ya kuzidisha. Hiyo njia ya shule hakuielewa, kaikumbuka nusunusu, na kwa kuwa ni ya shule hakuthubutu kuachana nayo atumie akili yake ya sokoni, ambayo ingemwambia kwamba nazi nne za 35 haziwezi kufika 200.

Msidhani basi kwamba duka ndiyo shule bora. Mwaka 2025 jarida la Nature lilitoa utafiti wa kundi ambalo ndani yake wamo Abhijit Banerjee na Esther Duflo, wale wa Nobel ya uchumi ya 2019, kuhusu watoto wa masoko ya Kolkata na Delhi, India. Yale ya Recife yakajirudia, tena na upande wa pili ukaonekana: watoto wanaosoma tu, wasiouza sokoni, walipatia zaidi hesabu za shule lakini za sokoni zikawashinda. Kwa hiyo yule wa jirani anayepata 90, mtume na yeye kwa Mangi tuone.

Mnaona ninapoelekea. Kumpima mtoto kwa karatasi peke yake ni kumwona upande mmoja. Mpime kwa vitu, kwa mdomo, kwa pesa, na kwa karatasi, halafu utazame ni wapi anaanguka.

Na huhitaji kuwa mwalimu. Uwezo, ule mpango ulioanzia chini ya Twaweza wa kupima watoto wa Tanzania, Kenya na Uganda, umekuwa ukituma watu wa kujitolea majumbani. Wanakaa na mtoto mmoja mmoja, na jaribio lenyewe ni la kiwango cha darasa la pili hata kama mtoto yuko la sita. Linaanza chini kabisa, kuhesabu vitu, kisha kutambua namba, kusema ipi kubwa, kisha kujumlisha, kutoa, kuzidisha. Mpimaji anaangalia mtoto anafika wapi. Walichokikuta mwaka baada ya mwaka kilitutia aibu: watoto wengi wa madarasa ya juu wanakwama kwenye hesabu za darasa la pili. Nawe fanya hivyohivyo. Usianzie alipo darasani, anzia chini, panda naye mpaka akwame. Pale pa kukwama ndipo pa kuanza kazi.

Kwa wadogo wa la kwanza na la pili, mimina maharage mezani. Mwambie akupe punje tisa. Kuimba moja mpaka mia ni kitu kimoja, kutenga tisa na kuacha zilizobaki ni kitu kingine kabisa, na wapo waimbaji hodari wanaokukabidhi konzi nzima. Akishatenga, zitawanye zile tisa, uulize "sasa ziko ngapi?" Anayeanza kuhesabu upya bado hajaamini kwamba idadi haibadiliki kwa kusogezwa.

Neno muhimu katika yote haya ni "umepataje?" Liulize akipatia, liulize akikosea, kwa sauti ileile. Ukiliuliza akikosea tu, wiki haiishi atakuwa anafuta jibu kila ukifungua mdomo, hata lililo sahihi. Na akikuambia "nimekisia", shukuru, huyo kakuamini. Chagua pia saa. Si mtoto akiwa na njaa, si mbele ya wageni, na si mbele ya mdogo wake anayejua kila jibu. Saa ya mkononi iweke mbali. Kasi ni jambo la kupima mwishoni kabisa, mtoto akishaelewa.

Tukifika kwenye mafumbo, jaribuni hili leo jioni. Jahazi limebeba mbuzi 26 na kondoo 10. Je, nahodha ana umri gani? Usicheke, uliza kwa uso mkavu. Huko Ufaransa, kituo cha utafiti wa ufundishaji wa hisabati cha Grenoble kiliwauliza watoto wa shule za msingi swali la namna hii takriban miaka 45 iliyopita, na wengi wao walichukua namba zile wakazijumlisha: nahodha ana miaka 36. Wako akijibu 36, usimwite mjinga. Amejifunza vizuri sana kwamba kila swali la mwalimu lina jibu, na kazi yake ni kuzifanyia namba kitu fulani. Sasa mrudishe kwenye mafumbo ya kitabuni, mwambie akusimulie kisa kwanza bila namba: nani kafanya nini, nini kimebaki. Namba baadaye.

Wale wenzangu mnaolipa ada za shule za Kiingereza, msomeeni mtoto fumbo la kitabuni kwa Kiswahili. Akilitatua papo hapo, hesabu anaijua, lugha ndiyo iliyomshika koo, na dawa yake ni tofauti.

Karatasi za kuchagua jibu nazo zichukulieni kwa tahadhari. Dada zangu wa Kenya mnaikumbuka KCPE, iliyoanza 1985 ikafanywa mara ya mwisho 2023. Hisabati ilikuwa na maswali 50, kila moja majibu manne. Asiyejua lolote, akiweka alama kwa kubahatisha, wastani anaondoka na kama 12. Karatasi ya namna hiyo ina kazi yake, inasahihishwa haraka kwa watoto wengi, na mwalimu mwenye darasa la watoto zaidi ya mia simlaumu akiitumia. Ila kwako wewe mzazi haina habari nyingi. Mwombe mwanao atunze karatasi aliyofanyia hesabu za pembeni. Mimi ningeisoma hiyo kabla ya matokeo.

Fimbo sitaizungumzia sana. Haijawahi kumfundisha mtu kukopa kumi, na mtoto anayeogopa atakuficha daftari, ukose hata pa kuanzia. Baba mwambie hivyo, kwa heshima, akishamaliza kununa. La mwisho la pembeni: kama anakunja macho kutazama ubao, au anaonekana hasikii vizuri, mpeleke akapimwe macho na masikio kwanza.

Siku ya wazazi ikifika, acha kuuliza "kawa wa ngapi?" Nafasi ya 41 haikupi kazi ya kufanya nyumbani. Beba daftari, muulize mwalimu: "Makosa yake ya aina gani yanajirudia?" Mwalimu mzuri atakuonyesha palepale, tena atafurahi kupata mzazi wa kuzungumza naye.

Sasa wewe wa Mbagala. Twisheni isubiri. Jumamosi hii kaa na mwanao, njiti, maharage, sarafu na karatasi, uandike alipofika na alipokwama. Fanyeni kazi pale tu kwa mwezi mmoja, robo saa kwa siku inatosha. Kisha mpime tena kwa maswali ya aina ileile lakini namba nyingine, maana za mwanzo atakuwa amezikariri. Akisogea, pesa ya twisheni baki nayo. Asiposogea, chukua karatasi yako nenda kwa mwalimu, na hata huyo wa twisheni ukimtafuta mpe karatasi hiyo kabla ya pesa. Akisema haihitaji, yeye huanza na wote sura ya kwanza ya kitabu, tafuta mwingine.