Mitishamba, Hospitali na Ramli



Mkazi wa Kawetele anapouguliwa na mtoto, huwa na njia mbili mbele yake: moja ya hospitali ya wilaya iliyoko Makandana, nyingine ya mganga wa mitishamba. Wengi hupita zote mbili, lakini kwa siri. Daktari hajui mtoto alinyweshwa nini alfajiri, na mganga hajui vidonge alivyopewa jana. Basi lile swali linalojadiliwa nchini, la kuunganisha tiba asili na tiba ya hospitali, si la wataalamu peke yao.

Yafaa kwanza tufahamu mafundisho ya Islam. Mabedui walipomwuliza Mtume Mtukufu s.a.w. iwapo wajitibu, aliwaruhusu, akawafahamisha kwamba kila maradhi yana dawa isipokuwa uzee. Hadhrat Saad bin Abi Waqqas r.a. alipougua, alimwelekeza kwa Harith bin Kalada, tabibu wa kabila la Thaqif. Tazama: yeye aliyepokea wahyi anampeleka mgonjwa kwa tabibu! Tena alifundisha kwamba atibuye watu bila kujulikana kwa elimu ya tiba atawajibika kwa madhara atakayoleta. Ama kumwendea mpiga ramli, alikukataza kabisa.

Hapo ndipo penye ugumu. Lugha yetu yamwita mganga mtu wa mizizi, mtu wa ramli, na hata Mganga Mkuu wa Wilaya! Mara nyingi majani na ramli hukaa katika mkoba mmoja. Majani yaweza kupimwa. Ramli humtaja jirani kuwa mchawi, na neno hilo halina kipimo. Mwaka 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli baada ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino.

Wala majani yasidharauliwe. Kwinini ilitoka katika gome la mti wa Amerika ya Kusini, ambao Wajerumani waliupanda hata Amani, Usambara. Dawa ya mseto ya malaria, iliyoanza kutumika hospitalini kwetu mwaka 2006, asili yake ni mmea wa China. Bibi Tu Youyou, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2015, aliongozwa na kitabu cha karne ya 4, akatambua kwamba joto kali huharibu nguvu ya mmea huo. Wazee walikuwa na mmea sahihi, lakini mpishi angeweza kuiua dawa chunguni. Hata leo Shirika la Afya Duniani halishauri chai ya mmea huo, kwa sababu kiasi cha dawa kikombeni hakijulikani.

Nchini kwetu kazi ya kupima ilianza Muhimbili mwaka 1974, kilipoundwa kitengo cha utafiti wa dawa za asili. Huko Tanga, tangu miaka ya 1990, waganga na madaktari wameshirikiana kuwahudumia wagonjwa wa UKIMWI. Sheria Na. 23 ya mwaka 2002 ikaleta Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, linalosajili waganga na dawa zao.

Hata hivyo, mwaka 2011 maelfu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe kwa shilingi 500. Mti wenyewe, mugariga, ni dawa ya kale. Lakini kikombe kimoja kilisemwa chatibu kisukari, saratani na UKIMWI pamoja! Wengine walitolewa vitandani hospitalini wakafia foleni. Wengine waliacha dawa za kufubaza virusi. Huo haukuwa muungano wa tiba, maana upande mmoja uliachwa.

Basi, ndugu, mtoto akishikwa na degedege usingoje. Wapo wasemao kwamba sindano humwua mtoto wa degedege. Maneno hayo yamewachelewesha wazazi wengi huku malaria ikipanda kichwani. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Kwa maradhi mengine, ukimwendea mtu wa mitishamba, mwulize kama amesajiliwa, na ni lini yeye mwenyewe humpeleka mgonjwa hospitali. Akianza kukutajia adui, ondoka. Na jani lile ulilopewa lifunge katika karatasi, uende nalo Makandana, umwoneshe daktari kabla hajaandika dawa.