Marekani Ni Nguo Pia: Somo la Bei na Maneno Manne

Mhariri wa jarida la Chama aliniomba niandike somo, si hadithi. Nimekubali, ila nitaanza na kisa kidogo kilichonipata mimi mwenyewe, kwa sababu bila hicho kisa hili somo nisingelijua.

Matokeo yangu ya kidato cha pili yalipotoka, mjomba alifurahi akanitilia mkononi shilingi 3,000. Akaniambia, "Mpwa wangu, jinunulie kitu roho yako inataka." Roho yangu ilikuwa imetaka kitu kimoja kwa muda mrefu: suruali ya jinzi. Si jinzi ya hivi hivi, bali mpya kabisa, ya kampuni ya Marekani, yenye kile kibandiko cha ngozi kiunoni. Jumamosi mimi na rafiki yangu tukapanda matatu ya Jogoo Road hadi mjini, tukabadilisha nyingine hadi Westlands, tukaingia katika jumba moja la maduka. Duka lenyewe sitalitaja, maana sikuja hapa kulishtaki.

Waama, lilikuwa duka la kupendeza. Taa zilimetameta, hewa ilikuwa baridi, na suruali zilikunjwa zikapangwa kama vitabu maktabani. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na suruali zile zilikuwa zinajiuza kweli. Nikashika moja ya buluu nzito, nikageuza kikaratasi cha bei. Shilingi 9,800! Nilidhani nimesoma vibaya, nikampa rafiki yangu asome. Alisoma, akakirudisha polepole kama mtu aliyeshika yai. Dada wa dukani akatuuliza kwa upole tunataka saizi gani. Nikamjibu kwamba tunaangalia tu. Kabla hatujaondoka nilisoma lebo ya ndani. Kampuni ni ya Marekani, lakini suruali ilikuwa imeshonwa Bangladesh.

Njiani sikusema neno. Suruali moja ilikuwa imepita kodi ya mwezi ya chumba chetu. Nilihisi aibu, na aibu yenyewe sikujua ni ya nani.

Jumapili Mama akanipeleka Gikomba. Huko hakuna taa wala hewa baridi. Kuna matope, mikokoteni, na sauti za "Chagua chagua! Mia mia!" Tulipata jinzi ya kampuni ileile ya Marekani, ya kamera, yaani mtumba wa daraja la kwanza ambao bado unang'aa. Muuzaji alitaka 900, Mama akabembeleza hadi 600. Pesa nyingine Mama alizilipia chakula changu cha mchana shuleni. Sitawadanganya, siku hiyo nilinuna.

Jioni nilimwonyesha anti wa mlango wa nne katika ploti yetu. Yeye ni fundi katika kiwanda kimoja cha nguo huko Athi River. Aliichukua, akaipindua ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono wa mfuko, kisha akaangua kicheko. "Hii imetoka kwetu," akasema. Nikasoma lebo. Ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza kwamba imetengenezwa Kenya! Suruali ilikuwa imeshonwa ng'ambo ya Mlolongo, ikapelekwa ng'ambo ya bahari, ikavaliwa na mtu nisiyemjua, ikarudi Gikomba ndani ya robota. Ama kweli, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani.

"Anti, wewe unayo ngapi?" nikamwuliza.

"Mimi nashona mfuko wa nyuma tu, mwanangu. Mfuko, mfuko, mfuko, siku nzima. Suruali yenyewe sijawahi kuivaa. Na mshahara wangu wa mwezi haufikishi suruali mbili za hilo duka lako."

Jumatatu, katika mkutano wa Chama, nilimsimulia mwalimu mlezi. Hakunijibu moja kwa moja. Aliniuliza, "Neno marekani lina maana gani?" Sote tulisema ni nchi. Akasema, "Tafuteni maana ya pili." Hapo ndipo somo linapoanza.

NENO LA KWANZA: MAREKANI

Marekani, au merikani, au amerikani, ni kitambaa kigumu cha pamba kisichotiwa rangi. Kilipewa jina la kule kilikotoka. Mnamo tarehe 21 Septemba 1833 Sultani Seyyid Said wa Omani na Zanzibari alitia sahihi mkataba wa biashara na mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts. Mkataba huo uliwaruhusu Wamarekani kuuza bidhaa zao kwa ushuru wa asilimia 5 tu. Mwaka 1837 balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, alifika Unguja. Alitoka Salem, mji wa bandari katika jimbo la Massachusetts. Meli za Salem zilileta vitambaa, zikarudi na pembe za ndovu, karafuu, sandarusi na ngozi.

Watu wa pwani na bara walikipenda kitambaa hicho kwa kuwa kilikuwa kigumu na hakikuchakaa upesi. Kwa hivyo, wasomaji wapendwa, sisi si watu wa kwanza hapa Afrika Mashariki kutamani nguo kwa sababu imetoka Marekani. Wahenga wetu walitangulia, tena wakalifanya jina la nchi kuwa jina la nguo. Lakini vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani kati ya 1861 na 1865, pamba ikaadimika viwandani, bei ikapanda, na vitambaa vya Uingereza na Bara Hindi vikachukua nafasi kubwa sokoni. Watu walipigana huko mbali, na mnunuzi wa huku akahisi.

NENO LA PILI: DOTI

Leo tukisema doti tunafikiria kanga mbili pacha. Zamani doti ilikuwa kipimo: mikono 8 ya nguo, yaani kama mita 3 na nusu. Nusu yake, mikono 4, iliitwa shuka. Katika safari za kwenda bara, nguo haikuwa bidhaa tu, ilikuwa pesa. Mpagazi alipewa posho yake kwa nguo, na chakula njiani kilinunuliwa kwa nguo, ushanga na nyaya za shaba. Basi msafara uliobeba nguo ulikuwa unazila nguo zake ukienda. Nguo zilizofika mwisho wa safari zilikuwa chache kuliko zilizoondoka, na hizo chache zililazimika kulipia zote.

NENO LA TATU: HONGO

Hapa nawaomba mkae makini. Leo hongo ni rushwa, kile kitu kidogo tunachokijua. Zamani hongo ilikuwa malipo ya wazi ambayo msafara ulimpa mtawala wa eneo ili upite. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ililipa hongo mara nyingi njiani. Watawala wa Ugogo, sehemu za Dodoma ya leo, walijulikana sana kwa kuitoza. Ugogo ni nchi kavu, na msafara haungepita bila maji ya wenyeji. Hongo ililipwa kwa nini? Kwa nguo hizohizo. Kila lango lilikata kipande chake, na bei ya kilichobaki ikapanda.

Sasa tutumie neno hili kupima ile suruali ya 9,800. Tuseme suruali imefika Mombasa, pamoja na nauli ya meli na bima, ikiwa imegharimu shilingi 3,000. Hii ni hesabu ya mfano, hesabu ya duka siijui. Tangu Julai 2022 ushuru wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa nguo mpya kutoka nje ni asilimia 35, yaani shilingi 1,050. Tumefika 4,050. Kisha kuna kodi ya ongezeko la thamani, VAT, ambayo ni asilimia 16 ya jumla hiyo, yaani shilingi 648. Tumefika 4,698, na suruali bado iko bandarini! Ada nyingine ndogo ndogo nimeziacha ili hesabu isitulemee. Ongeza usafiri hadi Nairobi, kodi ya jumba la maduka, stima ya zile taa, mishahara, matangazo na faida. Halafu kuna jina, ambalo halina uzito wowote kwenye mizani lakini hulipiwa.

Msije mkasema nimeita ushuru rushwa. La hasha! Ushuru unajenga barabara na kulipia masomo yetu, na huo wa nguo uliwekwa pia kuwakinga mafundi wetu. Ninachosema ni kwamba malango bado yapo kama zamani, na mwenye kuyalipia yote ni mtu wa mwisho, yule anayegeuza kikaratasi cha bei.

NENO LA NNE: MTUMBA

Mtumba katika maana yake ya zamani ni mzigo, hasa wa nguo, uliofungwa kwa kubebwa na mpagazi wa msafara. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, na mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30. Leo mtumba umepanda meli na treni, mpagazi ni mkokoteni wa Gikomba, lakini neno ni lilelile. Nguo ya mtumba ni rahisi kwa kuwa mwenye kwanza ameshalipia jina, duka na taa huko kwao. Anapoitoa, jina halihesabiwi tena. Sisi tunalipia mzigo, ushuru wake na jasho la wanaouchambua.

Lakini mbona suruali ya anti haikutoka Athi River moja kwa moja hadi kwangu? Sheria ya EPZ ya mwaka 1990 iliweka maeneo ya viwanda vinavyotengeneza bidhaa za kuuza nje. Kisha sheria ya Marekani ya mwaka 2000 iitwayo AGOA ikafungulia nguo za Afrika soko la huko bila ushuru wa forodha. Ndiyo sababu viwanda vya Kenya vimeshona jinzi za kampuni kama Levi's na Wrangler. Kiwanda cha EPZ kikitaka kuuza hapa nchini, nguo zake huhesabiwa kana kwamba zimetoka nje na hutozwa ushuru. Yaani kisheria, Athi River ni mbali na Makadara kama Bangladesh! Kwa hivyo Mkenya anashona suruali ya Mmarekani, Mbangladeshi anashona inayouzwa Westlands, na zote mbili zina jina moja kiunoni.

Jambo la mwisho lilinichekesha. Suruali hizi hazikuanza kama nguo za fahari. Levi Strauss, mfanyabiashara wa San Francisco, na fundi cherehani Jacob Davis walipata hataza ya suruali yenye misumari midogo ya shaba mifukoni tarehe 20 Mei 1873. Misumari hiyo ilikuwa ya kuzuia mifuko isichanike, kwa maana wavaaji walikuwa wachimba migodi na vibarua. Ilikuwa nguo ya watu wa kazi ngumu, kama mafundi wa jua kali wa Kamukunji. Njia imeibadilisha ikawa nguo ambayo anayeishona haimudu.

HITIMISHO

Ndugu msomaji, somo langu ni hili: bei ya nguo si bei ya kitambaa, ni bei ya njia iliyopita. Ukiona bei inakutisha, usiione aibu kama mimi. Uliza imepita malango mangapi, na nani alikula katika kila lango. Kisha uliza swali moja zaidi ambalo sikulisikia dukani wala Gikomba: aliyeishona alipata ngapi? Hilo nimeliuliza mlango wa nne, na jibu mmelisoma.

Suruali yangu bado ninaivaa kila Jumamosi. Mshono wa mfuko wa nyuma haujaachia hata uzi mmoja.

ZOEZI

1. Eleza maana ya zamani na ya sasa ya maneno haya: marekani, doti, hongo, mtumba.

2. Tazama lebo ya nguo moja nyumbani kwenu. Imeshonwa wapi, na jina lake ni la nchi gani? Andika njia yake kwa sentensi tano.

3. Nguo imefika bandarini kwa shilingi 2,000. Piga hesabu ya ushuru wa asilimia 35, kisha VAT ya asilimia 16 juu ya jumla. Utapata ngapi? (Jibu: shilingi 3,132.)

4. Mjadala wa Chama: "Ni heri ushuru wa nguo mpya upunguzwe." Unga mkono au pinga. Mimi upande wangu bado sijauamua, kwa maana nikisema upunguzwe nitamwangalia vipi yule anti?