Binti Aliyekataa Kusema Amina

Mama mmoja wa Kimara, Dar es Salaam, ameiandikia safu hii kurasa tatu kwa mkono. Ni fundi cherehani, Mlutheri wa kuzaliwa, na ana watoto wanne. Mumewe anaendesha lori la mizigo kati ya bandarini na Tunduma, mara nyingine anavuka hadi Zambia, hivyo watoto humwona siku chache kwa mwezi. Malezi na sala za nyumbani vyote vimemwangukia mama.

Kila siku saa tatu usiku huzima televisheni na kuwaita watoto sebuleni. Unaimbwa wimbo, linasomwa neno, kisha yeye anaomba, na anakubali kwamba akianza hachelewi kusahau muda. Kitinda mimba huwa ameshalala kwenye mkeka kabla maombi hayajafika nusu, wa tatu anacheka chini chini, na binti mkubwa, wa kidato cha tatu, anakaa amekunja uso. Mwezi uliopita binti huyo alinyamaza wenzake walipoitikia Amina. Kesho yake hivyo hivyo. Mpaka barua inaandikwa alikuwa hajaitamka tena. Mama anauliza kama Mungu ameihama nyumba yake, na imekuwaje jirani yake, wa jumuiya moja naye kanisani, asali na wanawe vizuri mpaka picha zinatumwa kwenye kundi la WhatsApp.

Jirani aachwe. Picha hupigwa kwa sekunde moja, na hakuna ajuaye nani alifinywa ili akae sawa.

Jibu limo katika ukurasa wa pili, pale mama anapoeleza anachokiomba. Anamwomba Mungu amguse mtoto anayeshinda na simu. Amfungue akili yule aliyeambulia sifuri ya hesabu. Ayazibue masikio ya yule anayetumwa dukani akajifanya hasikii. Hakuna aliyetajwa jina, lakini kila mmoja pale mkekani anajijua. Hiyo ni mipasho iliyofungwa kwa jina la Yesu, na mtoto aliyekulia Dar hahitaji kufundishwa mipasho inavyosikika. Binti ni mkaidi, sawa, lakini ukaidi wake una ukweli ndani: hataki kuitikia hukumu yake mwenyewe.

Amina iliwahi kuvuruga hata nyumba ya kasisi. Samuel Wesley, kasisi wa Kianglikana wa Epworth, Uingereza, aligundua kwamba mkewe Susanna haitikii pale anapomwombea Mfalme William. Susanna hakumtambua William kuwa mfalme halali, kwake mfalme alikuwa mwingine, basi hakuona kwa nini amdanganye Mungu. Samuel alihamaki, akasema wenye wafalme wawili sharti wawe na vitanda viwili, na mwaka 1702 akaenda zake London akamwachia mke nyumba na watoto kwa miezi kadhaa. Baadaye walipatana. Juni 1703 akazaliwa John, mwanzilishi wa Umethodisti, kwa hiyo Wamethodisti wa Meru na Ribe nchini Kenya nao wana la kushukuru katika upatanisho ule.

Anachoweza kukichukua mama wa Kimara kwa Susanna ni kile alichokifanya miaka kumi baadaye. Susanna alizaa watoto 19, na karibu nusu yao walikufa wangali wachanga. Mwaka 1712 mumewe alikuwa tena London kwa vikao vya kanisa, na yeye akamwandikia barua akimweleza anavyoilea nyumba. Kila mtoto alikuwa na jioni yake katika juma, ya kuzungumza na mama faragha habari za roho yake. Jumatatu ilikuwa ya Molly, Jumanne ya Hetty, Alhamisi ya John, Jumamosi ya Charles. Miaka mingi baadaye John, mtu mzima na msomi wa Oxford, alimwandikia mama yake akitamani bado atengewe kale kamuda ka Alhamisi.

Mama atasema hana jioni za kugawa, na Januari ya sare za shule ndiyo kabisa. Lakini barua yake inamsuta. Ameandika, kama kwa kupitia tu, kwamba binti humsaidia kushona vifungo na kutia pindo, na kwamba akiwa pale huongea mpaka unasahau kwamba ni yule yule. Siku moja aliuliza kama bibi yake, aliyefariki bila kuzinduka, alikuwa akizisikia sala walizomwombea hospitalini. Mama akamjibu amalize pindo kwanza, mteja yuko njiani.

Mteja alikuwa njiani kweli, na kodi ya fremu hailipwi kwa mazungumzo. Hata hivyo swali lile lilikuwa ibada tayari, limeletwa na mtoto mwenyewe bila kuitwa. Kumbukumbu la Torati, sura ya sita, inawaagiza wazazi wayaseme maneno ya Mungu wakiwa wameketi nyumbani, wakiwa njiani, wakilala na wakiamka. Haitaji sebule wala saa tatu usiku. Mama alirudie swali la bibi, huku mikono ikiendelea na kazi. Kama jibu hana, amwambie hana, kisha amsimulie alichokuwa akikiomba yeye siku zile kitandani pa mama yake, au pa mkwewe, vyovyote ilivyokuwa.

Sala ya usiku isifutwe, ifupishwe tu, na kwa hilo Mlutheri haombi ruhusa kwa mtu. Katekisimo Ndogo, ambayo binti aliibeba kwenda mafundisho ya Kipaimara, Martin Luther aliitoa mwaka 1529, baada ya kuzizungukia sharika za Saxony na kusikitishwa na jinsi watu wasivyojua hata misingi ya imani. Alitaka ifundishwe majumbani. Utaratibu wake wa kulala ni ishara ya msalaba, Imani ya Mitume, Baba Yetu na sala moja fupi, kisha mtu alale mara moja kwa moyo mchangamfu. Dakika tano hazifiki. Habari za simu na hesabu ziwe na wakati wake mchana, zisemwe kwa mwenyewe, ana kwa ana.

Lipo gumu zaidi. Mama anapaswa kumwomba binti radhi kwa zile sala, kabla ya kumdai Amina yoyote. Wapo wazazi watakaoguna hapa. Wakumbuke ndugu wa Uamsho, uliotoka Rwanda na Uganda miaka ya 1930 ukafika mpaka Bukoba: toba yao haikuishia kanisani, waliipeleka kwa mke na kwa jirani. Mmoja wao, Festo Kivengere, aliyefundisha Dodoma kabla ya kuwa Askofu wa Kigezi, alikuwa akisimulia jinsi alivyogombana na mkewe Mera, akatoka kwenda kuhubiri, moyo ukamshitaki mpaka akarudi kupatana naye kwanza. Kama askofu aliweza kuiacha mimbari ingoje, fundi anaweza kuinua mguu kwenye cherehani kwa dakika chache.

Baba naye asihesabiwe kuwa hayupo. Foleni ya malori Tunduma humpa dereva saa nyingi za bure. Apige simu akiwa pale, kila mtoto azungumze naye peke yake, na kama anaweza awaombee kwa sentensi mbili. Akirudi nyumbani akataka mpira na usingizi, apewe. Ametoka mbali, na mke asianze sasa kumwombea yeye kwa mafumbo.

Jambo moja barua haikuligusa. Kama binti amenyamaza kwenye sala tu, haya yanatosha kuanzia. Kama amenyamaza na mezani, amewaacha marafiki, au ripoti ya shule imeshuka ghafla, mama asingojee zamu ya jumuiya wala mtumishi apite. Amtafute mwalimu wa malezi shuleni, au shangazi ambaye binti humsimulia mambo yake, wiki hii hii.