Tulivyolala Makindu: Mafunzo Niliyopata

Tulitoka nyumbani Kwanza, karibu na Kitale, usiku wa manane, mimi na Mama, kwenda Mombasa kumwona mtoto wa kaka yangu. Nyuma ya gari kulikuwa na gunia la maharagwe ya shambani kwetu. Gari likatusumbua njiani, na giza likatukuta Makindu. Dereva mmoja wa lori akatuonyesha lango: "Ingieni kwa Singasinga. Mtakula, mtalala."

1. Si kila Mhindi ni Baniani. Kwetu tukiona jengo la namna ile tunasema hekalu la Wahindi, basi. Hili ni gurdwara, nyumba ya ibada ya Masingasinga, wafuasi wa Guru Nanak. Ndani hamna sanamu. Kinachoheshimiwa ni kitabu chao, Guru Granth Sahib.

2. Likikukwaza, uliza. Mama ni mlokole. Alikaa mbele ya sahani ya chuma yenye dengu, wali na mboga, asiiguse, kwa kuogopa chakula kilichotambikiwa. Mwishowe akamwuliza mzee aliyekuwa akigawa, "Baba, hiki chakula ni cha nani?" Mzee akainama kidogo. "Ni cha mwenye njaa, mama. Karibu." Mama akafumba macho, akaomba, akala.

3. Kupokea nako kuna adabu. Viatu vinavuliwa, kichwa kinafunikwa. Nyama, pombe na sigara haziingii. Na chapati haichukuliwi kwa vidole viwili: unakinga viganja vyote, inawekwa ya moto. Mimi nilinyoosha mkono mmoja. Mama akanigusa kiwiko, vile vile alivyokuwa akinigusa utotoni nikipewa kitu na wageni.

4. Reli ilileta zaidi ya garimoshi. Gurdwara hii ilijengwa mwaka 1926 na Masingasinga waliokuwa wakifanya kazi ya reli. Mwaka huo huo tawi la reli lilifika Kitale. Nimekua nikisikia habari za treni iliyobeba mahindi yetu, na sikuwahi kujiuliza waliotandika vyuma vile walikuwa wakisali wapi au wakila nini. Tangu siku ile najiuliza mara kwa mara.

5. Asiyekutoza anakuachia deni zuri. Tulipewa chumba, shuka safi, maji ya kuoga. Bei hakuna, kuna sanduku tu, mwenye chochote anatia. Hatukuulizwa dini wala kabila. Mimi nilitia nilichokuwa nacho nikaona nimemaliza. Mama hakuona hivyo. Alfajiri nilimkuta jikoni, leso kichwani, anasukuma chapati pamoja na akina mama wa Kikamba na bibi mmoja wa Kisingasinga. Wanaelewana kwa Kiswahili cha jikoni: ongeza unga, geuza, inaungua.

Wakati wa kuondoka alinituma kwenye gari. Kaka alipokea nusu gunia la maharagwe, na Mama mwenyewe ndiye aliyemweleza nusu nyingine iko wapi.