Mgongo wa Karani: Kuketi na Kusimama Wakati wa Kuandika

Katika maeneo ya korosho kama Rutamba, mkoani Lindi, maumivu ya kiuno huhusishwa upesi na jembe na gunia. Karani wa chama cha msingi, ambaye msimu wa mauzo huandika stakabadhi tangu asubuhi hadi jioni, ni nadra kufikiriwa. Wala muuguzi wa zahanati anayejaza madaftari ya MTUHA wagonjwa wakishaondoka. Jambo hili si geni. Mwaka 1713 tabibu Mwitaliano Bernardino Ramazzini alikwishaeleza kwamba waandishi huugua kwa sababu ya kuketi mfululizo, kurudiarudia mwendo uleule wa mkono, na kukaza akili.

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa takriban kilo 5. Kikiwa wima juu ya mabega, mifupa hukibeba. Kikiinamia daftari, hushikiliwa na misuli ya nyuma ya shingo, nayo isipolegezwa huchoka na kuuma. Kiuno nacho hupoteza mbinuko wake wa asili mtu anapojikunja kwenye benchi lisilo na egemeo.

Marekebisho hayahitaji kiti cha gharama. Benchi lisogezwe ukutani, na khanga iliyokunjwa iwekwe kati ya ukuta na kiuno. Nyayo zikanyage sakafu. Benchi likiwa refu, tofali litatosha. Meza ilingane na kiwiko, mabega yasipande. Daftari liinuliwe upande wa mbali kwa madaftari ya miaka iliyopita, ambayo hayakosekani zahanatini.

Anayesimama kwenye dirisha la dawa aweke mguu mmoja juu ya kibao kifupi, kisha abadilishe. Hata hivyo, mkao mzuri ukishikiliwa saa nzima nao huumiza. Kila baada ya nusu saa mtu ainuke, atembee hatua chache, ajinyooshe. Kumeza diklofenaki kila siku ili kuvumilia benchi baya ni kuhatarisha tumbo na figo.

Mhudumu wa afya asikimbilie kukilaumu kiti. Ganzi katikati ya mapaja, mkojo kuziba au kutoka bila hiari, au miguu kulegea ni dharura: mgonjwa apewe rufaa siku hiyohiyo. Maumivu yanayofuatana na homa, jasho la usiku na kukonda yachunguzwe kama kifua kikuu cha uti wa mgongo, hata kama mgonjwa ni karani.